Pambo la Meza ya Mwalimu

Kazi yangu ni maua. Niko kwenye duka la mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa na kunifundisha kila ninachokijua kuhusu shina, jani na mkasi. Watu wakituona wanadhani ni kazi ya kukaa kivulini na kunusa mawaridi. Waje siku mbili kabla ya sikukuu. Waone tunavyokimbizana na ndoo, vidole vimepasuka, miguu imevimba kama imeumwa na nyuki.

Jioni ile nilikuwa nimeshika ufagio simu ya duka ilipolia. Mama mdogo akapokea.

"Ndiyo, Mwalimu... Tunayo ya tayari, mazuri tu... Aha. Ya kuokota. Hapo hapo nyumbani kwako? Sawa, Mwalimu."

Akakata simu, akanitazama kwa jicho la mtu anayetaka kuomba kitu.

"Mwanangu, umechoka?"

"Nikisema ndiyo utanihurumia?"

"Hapana."

"Basi sijachoka."

Akacheka, akanieleza. Mteja amejitambulisha kuwa ni mwalimu mstaafu, anakaa mtaa wa juu, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Anataka pambo la kuweka katikati ya meza ya sikukuu. Hataki ua la dukani hata moja. Anataka vitu vya porini vinavyookotwa uani kwake, vipangwe juu ya kigogo. Tena anataka leo, kwa sababu wageni wake wanafika mapema.

"Saa moja tu," mama mdogo akasema, akininyang'anya ufagio. "Pambo la namna hiyo wewe unalifanya umefumba macho. Mimi nitamalizia kufagia."

Ni kweli. Kazi ya vitu vya kuokota ndiyo niipendayo kuliko zote. Waridi huja limeshajipamba, huna cha kuliongezea. Lakini uchukue gome lililooza nusu, uliweke kando ya jani linalolifaa, lipendeze... hapo ndipo unajua mkono wako una kazi duniani.

Nikachukua kikapu, mkasi, kisu kidogo na bunda jipya la kamba ya katani, bado limo kwenye karatasi yake. Nikafunga kitambaa changu kichwani, nikaondoka.

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kuzama nilipoanza kupanda ule mtaa. Nyumba zikapungua. Lami ikaisha, ukabaki udongo. Mbwa waliokuwa wakinibwekea nyuma ya mageti wakanyamaza mmoja mmoja, na nilipofika nyumba ya mwisho sikusikia hata ndege.

Mwanamke mrefu alikuwa amesimama getini, mkono juu ya komeo, kana kwamba alikuwa hapo tangu alipokata simu. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kidole. Miwani ilining'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umechelewa dakika nne."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akafungua geti, nikaingia, akarudisha komeo.

Kra!

Hakunipeleka ndani kwanza. Alinizungusha nyuma ya nyumba, ambako ua ulishuka polepole mpaka kwenye miti. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya matuta marefu, manane, yamelala sambamba kama matuta ya viazi yaliyosahauliwa.

"Chukua kitu kimoja kwenye kila tuta," akasema. "Usiruke hata moja. Watanuna."

"Nani hao, Mwalimu?"

"Fanya kazi, binti. Mwanga hautungoji."

Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa ile sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto arobaini bila kuipaza. Nikainama.

Na niseme ukweli, ua ule ulikuwa hazina. Kwenye tuta la kwanza nilipata kigogo kilichoota uyoga mgumu wa rangi ya maziwa, umejipanga kama sahani kabatini. La pili lilikuwa na ule mmea laini wa kijani unaotandaa kwenye unyevu, ambao sisi dukani tunauita zulia. Niliung'oa kipande kizima bila kuchanika, na moyo ukaniruka kwa furaha. Nikapata makoko ya msonobari yaliyofunguka, mashuke ya nyasi kavu, kangaga, maganda ya mbegu yanayolia ukiyatikisa. Kikapu kikajaa.

Tuta la mwisho lilikuwa fupi kuliko mengine. Fupi sana. Juu yake palikuwa na kijiti kimoja tu, chenye matunda madogo mekundu.

"Hicho kikae mbele," Mwalimu akanong'ona nyuma ya sikio langu. Sikuwa nimesikia hatua zake. "Yeye hupenda kuonekana."

Nikakikata. Sikuuliza tena huyo yeye ni nani.

Mtu ataniuliza, mbona hukutoka saa ileile? Nimejiuliza pia. Jibu ni kwamba nilikuwa nimeshaliona pambo zima kichwani mwangu, kila jani mahali pake. Fundi akishaiona kazi yake imekamilika kichwani, humtoi. Hata nyumba ikiungua.

Tukaingia ndani kwa mlango wa nyuma.

Chumba cha kulia kilikuwa kirefu, na meza yake ndefu. Viti vinane. Mapazia mazito ya rangi ya udongo mwekundu yalifunika madirisha yote ila moja, la mwisho, ambalo kioo chake kilifungwa bila pazia. Kupitia dirisha hilo niliona anga ya magharibi, na wingu dogo lenye umbo la kiatu limekaa juu ya miti.

Kulikuwa na harufu. Kila mwuza maua anaijua. Ni harufu ya maji ya chombo ambayo hayajabadilishwa wiki nzima, shina zimeoza ndani yake. Nikatazama huku na huku nikitafuta chombo. Hapakuwa na chombo chochote chumbani.

"Anza," Mwalimu akasema, akatoka.

Nikaanza. Nikakilaza kigogo, nikakikatia kwa kisu sehemu ya kukalia ili kisibingirike. Nikakivika zulia, nikalifunga kwa katani kwa chini, mahali pasipoonekana. Makoko matatu upande mmoja, mawili upande mwingine, maana ukilinganisha sawasawa kitu kinakufa. Kangaga nyuma, mashuke katikati yakisimama wima. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilisahau harufu. Nilikuwa hata naimba chinichini.

Bunda moja la katani hutosha mapambo sita. Lakini nilipogeuka kuchukua kipande cha kufungia kile kijiti chenye matunda mekundu, karatasi ilikuwa imelala tupu mezani. Nikatazama chini ya meza. Nikatikisa kikapu. Hola.

"Fundi hodari hakosi cha kufungia."

Mwalimu alikuwa mlangoni. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Maneno yale yakanigusa penye kiburi. Nikavuta ukingo wa kitambaa changu cha kichwa, nikachomoa uzi mmoja mrefu, mwekundu ulioiva. Hata rangi ililingana na matunda! Nikakifunga kijiti mbele, nikazungusha mara tatu, nikakaza fundo.

Tak.

Na kiti kimoja kikasogea.

Kidogo tu. Kama mtu aliyekaa akijiweka sawa. Kisha cha pili... cha tatu... mpaka vyote vinane.

"Wageni wamefika," Mwalimu akasema.

Sikuona mtu. Wallahi, sikuona mtu. Lakini yale mashuke ya nyasi kavu niliyoyasimamisha wima katikati ya pambo yaliinama kuelekea kiti cha kwanza, yakasimama. Yakainama kuelekea cha pili, yakasimama. Yakazunguka meza yote hivyo hivyo, kama kila aliyekaa alikuwa anayavuta kwa pumzi, akiyanusa, kisha anampasia mwenzake.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Mimi... naomba niende, Mwalimu. Mama mdogo ananingoja."

"Nenda, binti. Nani kakufungia mlango?"

Akapisha. Nikachukua kikapu, nikapita ukumbini, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikashuka ngazi mbili, nikafika getini. Nikashika komeo.

Hapo nikakumbuka kwamba koko moja la upande wa kushoto limekaa kichwa chini.

Nilijua ni upuuzi. Lakini kila fundi anaijua ile hali, unalala usiku na msumari mmoja uliokaa upande unakuchoma ubavuni. Nikasema nitarudi, nitaligeuza, nitaondoka. Sekunde tano. Nikarudi. Nikaligeuza.

Nikafika tena getini. Nikakumbuka kangaga moja imefunika tunda.

Nikarudi.

Mara ya tatu nilishika komeo kwa mikono miwili. Nikajiambia kwa sauti, "Hata likiwa bovu, na liwe bovu!" Nikalisukuma. Chuma kilikuwa baridi, nakumbuka baridi yake kiganjani. Nikapepesa macho.

Vidole vyangu vilikuwa vinapapasa zulia la kijani.

Nilikuwa nimekaa mezani.

Nikainua macho kwenye dirisha. Lile wingu lenye umbo la kiatu lilikuwa palepale juu ya miti. Halikuwa limesogea hata unywele. Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja.

Sijui nilirudi mara ngapi baada ya hapo. Kumi. Arobaini. Nililia nikipanga majani. Nilipiga kelele, na sauti ikaishia mdomoni kama nimepigia kelele ndani ya mto wa kulalia. Na kila nikilirekebisha lile pambo, Mungu anisamehe, lilizidi kuwa zuri.

Ndipo nikasikia mtu anahesabu.

"Mia na arobaini... mia na arobaini na tatu... aah, mia na thelathini na tisa..."

Kwenye lile dirisha lisilo na pazia alikuwa amesimama mwanamke mnene kiasi, futi ya kitambaa mkononi, pini zimepangwa mdomoni. Alipima dirisha kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa, akapima tena.

"Dada," nikanong'ona. "Dada, unaniona?"

Akatoa pini mdomoni moja moja, bila haraka.

"Nakuona tangu ulipoingia. Punguza sauti. Mwalimu akisikia mazungumzo darasani hukasirika."

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa mapazia. Nimekuja kuvalisha madirisha kwa ajili ya sikukuu. Nimebakiza hili moja tu, lakini halikubali kipimo. Kila nikilipima linabadilika."

"Umekuja lini?"

Akafikiri. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeulizwa swali ambalo hakulisoma.

"Nilipoondoka nyumbani mume wangu alikuwa anabadilisha mkanda wa cherehani," akasema. "Ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi upande mmoja. Atakuwa amemaliza sasa. Ule mkanda."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mkono wa kawaida, wa moto, una sugu ya sindano.

"Tunatokaje humu?"

Akatazama mlangoni. Akatazama viti. Kisha akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Umefungia nini?"

"Katani."

"Na ilipoisha?"

Macho yangu yalikuwa yameshakwenda yenyewe kwenye ule uzi mwekundu.

"Ni kitu chako hicho," akasema. "Amekufanya ujifunge kwa mkono wako mwenyewe. Hapa hafungwi mtu na mwingine. Fumua. Lakini ufumue pambo lote, na utoke ukiwa umeliacha bovu. Ukilitengeneza hata kidogo, basi."

"Na wewe? Wewe ulitia nini?"

Akatabasamu. Meno yake ya mbele yalikuwa na kile kipengo kidogo wanachochongwa na uzi mafundi wa kushona.

"Nilikata uzi kwa meno, mdogo wangu. Kwa mate yangu. Mapazia kumi na moja, na sijui ni mshono upi. Nimefumua na kushona mpaka nimechoka." Akarudisha pini moja mdomoni. "Duka letu liko nyuma ya soko la nguo, mlango wa bluu. Mwambie mume wangu nimebakiza dirisha moja."

Huko ukumbini viatu vikaanza kulia juu ya sakafu.

Ko... ko... ko...

Nikalivamia lile pambo. Watu hawajui ilivyo ngumu kuharibu kitu ulichokifanya vizuri. Vidole vilinigomea. Nikatumia meno. Nikararua zulia, nikasambaratisha makoko, mashuke nikayakanyaga chini. Viti vikaanza kutikisika, vyote, miguu yao ikigonga sakafu kama mvua ya mawe. Ile harufu ya maji yaliyooza ikapanda mpaka nikatapika. Nilipofika kwenye kile kijiti cha mbele, kitu kikanishika kifundo cha mkono.

Vidole vidogo. Baridi. Vya mtoto.

Havikunivuta kwa nguvu. Vilikuwa vinabembeleza.

Nikafumba macho, nikauma fundo, nikauvuta ule uzi wangu mpaka ukachomoka wote.

Kimya.

Nikageuka kukimbia. Mwalimu alikuwa amejaa mlangoni.

Nilijua nimekwisha. Lakini hakuninyooshea mkono. Alikuwa anautazama ule uzi uliojiviringisha kidoleni mwangu. Aliutazama kama mwenye njaa anavyotazama mkate wa mwenzake. Kisha akasogeza bega.

"Pita," akasema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia bado. "Pita upesi, kabla sijakukumbusha palipokosewa."

Nilipita. Geti nililiruka, sikugusa komeo.

Wingu lenye umbo la kiatu lilikuwa linasogea.

Dukani nilimkuta mama mdogo bado ameshika ufagio. Nusu ya sakafu ilikuwa safi, nusu nyingine bado majani.

"Umerudi mara hii?" akashangaa. "Kikapu kiko wapi? Na mbona unahema hivyo, umekimbizwa na mbwa?"

"Mbwa," nikasema. Nikakaa chini palepale penye majani, nikalia mpaka akaogopa.

Sikukuu ikapita. Mimi sikula. Uzi ule niliuchoma, majivu nikayamwaga kwenye maji yanayotembea, kama nilivyowahi kusikia watu wakisema. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikaa kooni. Nilikuwa nimetumwa ujumbe.

Siku ya nne nilikwenda nyuma ya soko la nguo. Mlango wa bluu sikuutafuta sana. Ndani, mwanamume mmoja alikuwa anakata kitambaa kwa mkasi mkubwa, mtu mpole, ndevu zake nyeupe pe.

Nikamwamkia. Nikaanza kwa kuzunguka, maana utamwambiaje mtu habari kama ile? Nikamwambia nimekuja kuhusu mkewe, fundi wa mapazia.

"Mke wangu?" akasema. "Huyo hapo."

Nikageuka.

Kwenye kiti cha plastiki, karibu na mlango wa uani, alikuwa amekaa yeye. Uso uleule. Kile kipengo kwenye meno kilionekana alipotabasamu.

"Karibu, mgeni," akasema.

Hakunijua. Macho yake yalinipita kama ninavyopita mimi nguzo ya umeme.

"Huu ni mwaka wa tatu yuko hivi," mumewe akasema polepole. "Alikwenda kuvalisha nyumba ya watu mtaa wa juu. Akarudi siku ileile, hata mkanda wa cherehani nilikuwa sijamaliza kuufunga. Tangu hapo hajashika sindano. Anasema hajui inavyoshikwa. Hospitali wanasema ni uchovu. Anakula, analala, tukicheka anacheka." Akaufunga mkasi. "Lakini hana haraka ya kitu chochote, dada. Mke wangu alikuwa mtu wa haraka."

Ningenyamaza. Mpaka leo najiambia, ningenyamaza. Lakini nikasema, "Amenituma nikwambie amebakiza dirisha moja."

Mkono wa yule mwanamke, uliokuwa umelala pajani, ukainuka. Kidole gumba na cha shahada vikakutana hewani, vikashika kitu kisichoonekana, vikakipitisha kwenye kitu kingine kisichoonekana. Kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Kisha ukaanguka.

Mumewe alikuwa ameona. Akaweka kitambaa chini. Akaniuliza maswali, mengi, kwa utaratibu wa fundi anayechukua vipimo, nami nikajibu yote. Nilimwonya. Nilimwambia kata, haribu, usitengeneze kitu. Akaitikia kwa kichwa. Jioni ile, jua likielekea kuzama, akatoka na mkasi wake mkubwa.

Nilingoja siku mbili, kisha nikarudi mlango wa bluu.

Nilisikia cherehani tangu barabarani. Ilikuwa inakwenda kwa kasi ya mtu wa haraka. Mwanamke alikuwa ameinamia kitambaa, pini mdomoni. Aliponiona akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

Kwenye kiti cha plastiki alikuwa amekaa mumewe, amevaa vizuri, ndevu zimechanwa.

"Karibu, mgeni," akasema.

Nikakaa juu ya bunda la vitambaa.

"Nilimwona anaingia," mwanamke akasema bila kulia. "Alikata mapazia yote kumi na moja. Kwenye la saba nikajisikia nafunguka, kama gauni lililokubana. Nikamwita tutoke. Akasema nitangulie. Alikuwa ametazama chini, kile kitambaa kimechanika ovyo, kimetoa nyuzi." Akageuza kitambaa mkononi. "Unajua yeye hawezi kuacha kitambaa kinatoa nyuzi. Akachukua sindano. Apinde ukingo mmoja tu."

Mumewe alitutazama kwa zamu, akitabasamu kwa adabu.

"Nitamtoa," mwanamke akasema. "Tangu nitoke, geti limegoma kufunguka. Sikukuu ijayo likifunguliwa, nitakwenda. Nimejifunza kuacha kazi mbaya. Tazama." Akanionyesha mshono aliokuwa anashona. Ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Aliupinda makusudi, machozi yakimtoka sasa.

"Na Mwalimu akikuzuia?" nikauliza. "Yule mchawi..."

Akanitazama kwa mshangao.

"Mchawi gani? Wewe humo ndani ulidhani mwenye nyumba ni yeye?"

"Si ndiye aliyetupigia simu?"

"Mwalimu aliitwa kama ulivyoitwa wewe, mdogo wangu. Alikuja kumfundisha kusoma yule mtoto mdogo, sikukuu moja ya zamani. Bado anamalizia somo. Simu anapiga kwa sababu ameambiwa apige."

"Ameambiwa na nani? Basi ile nyumba ni ya nani?"

Mwanamke akatazama kifundo cha mkono wangu, pale vile vidole vya mtoto viliponishika, kisha akarudisha pini mdomoni, moja, mbili, tatu. Akaweka mguu kwenye pedali, cherehani ikaanza kukimbia, na hakuinua tena uso wake mpaka nilipoondoka.